Nilikata Nywele Ukweni, Vuga

Dada wa mjini anaweza kuazima viatu, mkoba, hata gauni la send-off. Kichwa chake hamwachii mtu hovyo. Msusi unamtafuta kama daktari, na ukimpata unamfuata hata akihamia Mbagala. Sasa fikiria umekaa kwenye kigoda, mkasi uko nyuma ya sikio, na wanawake wanne wanakujadili kwa lugha usiyoielewa. Mimi yalinikuta Vuga, kwa wakwe zangu.

Kwa asiyepajua: kutoka Dar unashika barabara ya Arusha mpaka Mombo, ambako joto bado linakuchoma. Kisha gari linaanza kuupanda Usambara, kona juu ya kona, masikio yanaziba, na ukifika Soni penye maporomoko ya maji tayari unatafuta sweta. Kutoka hapo Vuga si mbali. Migomba, kahawa, bustani za mboga zilizong'ang'ania mteremko, na ukungu unaoingia ndani bila kupiga hodi. Wenye mpango wa honimuni, pafikirieni. Ila bebeni soksi, jamani.

Pametulia hivyo, lakini palikuwa makao makuu ya ufalme wa Wakilindi. Wasambaa wanasimulia kwamba Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu baada ya kukataliwa na ndugu zake kwa kuwa kigego, alikuja huku akiwa mgeni kabisa. Akawagawia watu nyama, akaua simba, wakampa mke na ufalme. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala hadi alipofariki mwaka 1862, na ndiye Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa Rabai, aliyepanda milima kumwona mwaka 1848. Mama mkwe wangu akinisimulia habari za Mbegha hupenda kukazia kipande kile cha mgeni. Ananiangalia kabisa.

Mimi ni wa Dar, wa kuzaliwa Temeke. Mume wangu ni Msambaa. Kabla ya Vuga tuliishi miaka miwili Ujerumani, yeye akisoma, mimi nikifanya vibarua vya usafi. Mji ulikuwa mdogo. Kinyozi wa kwanza tuliyemwendea alimwangalia mume wangu kichwani, akasema maneno marefu, akatikisa kichwa. Wa pili alikubali, na shemeji yenu alirudi nyumbani na kichwa kama shamba lililolimwa nusu. Kijerumani chake wakati huo kilitosha kununua mkate tu. Basi tukanunua mashine, nikawa kinyozi wake jikoni, kila baada ya wiki mbili, taulo shingoni na muziki wa nyumbani kwenye simu. Naomba niseme ukweli, siku zile ndizo tulizoongea kuliko zote. Mtu ukimshika kichwa huku amefumba macho anasema mengi. Jikoni pale ndipo aliponiambia kwamba baba yake akiondoka, hatamwacha mama peke yake mlimani.

Baba mkwe alifariki tukiwa tumesharudi. Tukahamia Vuga "kwa muda". Neno hilo nililisema mimi, na kila mtu akalikubali kwa adabu.

Hapa zamu ya kuwa bubu ikawa yangu. Msinielewe vibaya, Kiswahili kila mtu anakijua. Lakini nyumbani ni Kisambaa: cha kuchekea, cha kugombezea mbuzi, cha kuombolezea. Kisambaa nilichokuja nacho kilikuwa kile cha kuwasikiliza Wagosi wa Kaya utotoni, yaani "mgosi" na "ti" mahali pa "tu". Jirani akaniongezea salamu: "Onga maundo" asubuhi, "Onga mshi" mchana, nawe unajibu "Niwedi". Ukishasema "niwedi" wanafurahi, halafu wanakumwagia maneno kama mvua na wewe huna mwavuli.

Kilichoniuma zaidi ni heshima yao. Nikiingia jikoni, mama mkwe na wifi zangu wanahamia Kiswahili hapohapo, na stori iliyokuwa inachemka inapoa. "Karibu mkamwana, umelalaje?" Basi, kimya. Na mume wangu! Akiongea Kisambaa ana sauti nyingine, anapiga mapaja, anaigiza watu. Miaka sita ya ndoa sikujua nimeolewa na mchekeshaji. Nilikuwa namwonea wivu mwanamke yeyote anayeelewa utani wake.

Sasa nywele. Nilikuwa na dawa, na miezi mitano bila kuritachi kichwa kilishagawanyika, mizizi kipilipili, ncha zimelala. Nikaamua kukata dawa yote. Wifi akanipeleka kwa mama mmoja anayesuka barazani kwake, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, kitana, mkasi, kopo la mafuta. Mume hakuruhusiwa hata kukaribia. Mkalimani wangu, kwa maneno mengine, alibaki njiani.

Nikaonyesha kwa vidole: hadi hapa. Yule mama akashika nywele, akanyamaza, akamuuliza wifi kitu. Wifi akajibu. Bibi mmoja aliyekuwa anamenya maharage akatia neno, wote wakacheka. Nikasikia jina la mume wangu. Mara nyingine tena. Mkasi ukaanza. Vidole vya yule mama vilikuwa vya moto na taratibu, na nilipokaza shingo aliigusa tu kwa kiganja mpaka nikailegeza. Nywele zangu za Kariakoo zikaanguka kwenye maganda ya maharage.

Njiani nilimbana wifi. Akajizungusha, mwishowe akasema: walikuwa wanauliza kama unakata kwa sababu unabaki. Mtu anayerudi mjini, walisema, angezitunza za mjini. Na bibi akasema kichwa changu ni cha duara kama cha mtoto wa mwenye nyumba, atakayezaliwa hapa.

"Wewe ukawajibu nini?"

"Nikasema sijui, muulizeni mwenyewe. Wakasema hawawezi, watakuaibisha kwa Kiswahili."

Usiku nilimweleza mume wangu. Hatukuwa tumelizungumza waziwazi tangu msiba, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Alinipapasa kichwa chote, polepole, kama anasoma. Akaniuliza kama najisikia baridi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nataka kurudi Dar. Nikamwambia nataka kwanza asiwe ananitafsiria nusu. Kama wanacheka, aniambie wanachekea nini, hata kama ni mimi.

Tangu hapo tumepatana: nikiingia jikoni wasibadilishe lugha. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, nilikaa kama gunia la viazi. Nywele zilipofika urefu wa kushikika, mama mkwe alichukua kitana mwenyewe na kunisuka twende kilioni, mistari minane. Kila mstari ananipa neno moja la Kisambaa. Nikilikosea anavuta nywele kidogo, na wifi wanacheka, na mume wangu anapaza sauti kutoka uani akitaka kujua kuna nini.

Hatumwambii.