Farumi ya Gari Dogo

Mimi ni miongoni mwa watu wachache wanaomiliki chombo kisichopata kuuona mji wa bwana wake. Kwani gari langu, Toyota Vitz ya toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa mwaka 1999, hulala Mokowe barani, chini ya mkwaju usio mbali na gati, nami hulala Lamu, ng'ambo ya maji, katika mji ambao vichochoro vyake vilikatwa kwa kipimo cha punda aliyebeba mawe, si kwa kipimo cha magurudumu manne. Kila safari yangu ya barani, kwa hiyo, huanzia baharini na kuishia baharini, na huenda hiyo ndiyo sababu mambo ya gari hili niliyafahamu kwa lugha ya mabaharia kabla ya kuyafahamu kwa lugha ya mafundi.

Safari nitakayoihadithia ilikuwa ya mwezi wa Mei, mwezi ambao aghalabu masika huwa yamefika kileleni katika pwani yetu na kusi imekwisha kushika hatamu. Nilikuwa narejea kutoka Malindi pamoja na ami yangu, nahodha mstaafu aliyeipitisha aushi yake baina ya Kisimayu na Tanga, ambaye nilikuwa nimempeleka kutazamwa macho. Na kwa kuwa nyumbani tulikuwa na khitma, tulichukua magunia mawili ya mchele, kila moja kilo 50, na debe la mafuta ya kupikia. Nilipokuwa nasitasita pale penye buti, nisijue mzigo niuweke wapi, ami aliamua bila kuulizwa.

"Tia zote nyuma, mwanangu. Gari jepesi penye mai ni kama jahazi tupu: lataka farumi."

Farumi, kwa asiyekulia pwani, ni yale mawe au mchanga ambao mabaharia huutia ndani ya chombo kisicho na shehena ili kisiyumbeyumbe juu ya maji kama kifuu. Niliyaona maneno yake kuwa ya hekima, nikayatii. Wala sikumwambia kwamba fundi wa Malindi alikuwa ameniasa siku mbili kabla ya hapo nibadilishe tairi za mbele, ambazo michirizi yake ilikuwa imelika hata kubaki upara, nami nikamjibu kwamba zitafika tu Mokowe.

Tulivuka daraja la Sabaki baada ya sala ya alfajiri, mto ukiwa mwekundu kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, na tulipokaribia Mambrui mvua ilitushukia kwa namna ile ya Mei, isiyoanza kwa manyunyu bali huja nzima kama pazia. Vioo vilijaa ukungu mara moja, maana gari dogo lenye watu wawili waliolowa huwa kama chungu kilichofunikwa, na ami akawa anafuta kwa leso yake bila mafanikio, mpaka nilipofungulia kipoza-hewa, ambacho hukausha hewa hata wakati wa baridi, kioo kikatakata. Mwendo wetu ulikuwa kilomita 85 kwa saa. Mbele yetu palikuwa na bonde dogo la lami ambapo maji yalikuwa yametuama, yakang'aa kama bati.

Kilichofuata hakikuzidi muda wa kuvuta pumzi moja, lakini nakumbuka kila kipande chake. Kwanza mlio wa maji chini ya sakafu, uliokuwa ukivuma tangu Sabaki, ulikatika ghafla, pakawa kimya. Pili, sauti ya injini ilipanda, ilhali mguu wangu haukusogea. Tatu, usukani ulikuwa mwepesi mikononi mwangu, mwepesi wa kutisha, kama kamba iliyokatika upande wa pili. Niliugeuza kidogo kushoto, gari halikujibu, likaendelea kwenda lilikotaka lenyewe. Nilijizuia nisikanyage breki, wala sidai kwamba ulikuwa ushujaa, kwani mguu uliganda tu. Niliacha mafuta, na baada ya hatua ishirini hivi tairi zikaishika lami tena kwa mshtuko, gari likapepesuka mara mbili, likanyooka.

Ami hakusema neno mpaka tulipofika Gongoni, penye mashamba ya chumvi. Hapo aliniomba nisimame, akashuka mvuani, akalizunguka gari kwa utulivu wa mtu anayekagua chombo kilichopandishwa pwani kupigwa kalafati, kisha akarudi na kusema:

"Injini ya gari hili iko wapi?"

"Mbele, ami."

"Na magurudumu yavutayo?"

"Ni hayo hayo ya mbele."

Alifumba macho kidogo. "Basi nimekukosea, mwanangu. Mimi nalikumbuka Volkswagen."

Na hapo kosa letu lilidhihiri. Katika ujana wake gari dogo lililosifiwa kwa njia mbovu lilikuwa ile Volkswagen yenye mgongo wa kobe, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, mashindano ambayo baadaye kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeanza, na ambayo mwaka 1963, na tena mwaka 1968, yalimalizwa na magari saba tu. Volkswagen ile ilibeba injini yake nyuma, juu ya magurudumu yale yale yaliyoisukuma. Kwa hiyo kila ratili uliyoiongeza nyuma ilikuwa ni kuyakandamiza magurudumu yenye kufanya kazi. Langu ni kinyume chake. Magurudumu yake ya mbele ndiyo yavutayo na ndiyo yageuzayo, nasi kwa kuujaza mzigo nyuma ya ekseli ya nyuma tulikuwa tumelifanya kama mizani ya duka: tezi imezama, omo imeinuka. Gari ambalo halitimii tani moja likipokea kilo mia na zaidi mkiani, pua yake huhisi.

Lakini insafu yanilazimu kusema kwamba magunia hayakuwa mkosa peke yake. Tairi lililolika halina pa kuyapitishia maji, na maji yasipopata pa kupita hujikusanya mbele ya tairi kama kabari mpaka yalinyanyue. Wataalamu wa NASA huko Marekani, walioyachunguza hayo katika miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege zitelezazo viwanjani, waligundua kuwa mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea sana nguvu ya upepo uliomo ndani yake: tairi lenye upepo wa pauni 30 huweza kuanza kuelea kwenye kilomita 90 kwa saa hivi, na lililo laini huelea mapema zaidi. Hayo ni kinyume cha itikadi ya madereva wetu wengi, ambao wakiona mvua hupunguza upepo. Tadbiri hiyo ni sahihi kwenye tope na mchanga, ambapo tairi pana hukanyaga vizuri, bali kwenye lami yenye maji ni kujitafutia balaa. Nami nilikuwa sijapima upepo tangu mfungo uliotangulia.

Tulihamisha shehena. Gunia moja nililitia miguuni pa ami, akakaa magoti yamemfika kifuani bila ya kulalamika, na la pili nikalilaza sakafuni nyuma ya viti vyetu. Debe tu ndilo lililobaki katika buti. Kutoka hapo sikuzidisha kilomita 60, na gari likarudi kuwa gari: ukiligeuza, lageuka. Malori yalitupita na kutumwagia maji kiasi cha kutupofua, dereva mmoja akatupigia honi ya stihizai, tukamwacha aende.

Tulipoliacha daraja la Tana nyuma yetu, kabla ya kufika Gamba, tulikuta foleni. Maji yalikuwa yanakatiza lami kutoka kulia kwenda kushoto, upana wa kama kiwanja cha mpira, nayo yalikuwa yanatembea. Njia hii, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na ikatiwa lami katika miaka ya karibuni tu, haijaacha kuwa mateka wa Tana. Novemba 2023 mafuriko yaliikata, mabasi yakasimama, na watu wa Lamu wakajua tena maana ya kuwa kisiwani. Basi moja lilipita mbele ya macho yetu, likitikisika kidogo, likafika salama. Mimi nikawasha injini.

Ami aliushika mkono wangu. Alikunja kikoi, akachukua fimbo yake, akaingia majini polepole, akatembea hadi katikati na kurudi. Maji yalimfika gotini.

Tukakaa garini tukafanya hesabu, yeye kwa maarifa ya ngama na mimi kwa maarifa ya shule. Gari langu lina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 1.66, ukiziondoa pembe na nafasi za magurudumu, sakafu yake ni kama mita tano za mraba. Kila sentimita kumi za maji yanayopanda juu ya sakafu hiyo, kabla hayajapata pa kupenyea, hulinyanyua kwa kadiri ya nusu tani. Gari, mchele na sisi wenyewe tulikuwa tani moja na kidogo. Kwa hiyo sentimita ishirini na kitu juu ya sakafu, ambazo ni pungufu ya arubaini kutoka ardhini, zingetosha kutufanya mashua. Na kwa kuwa maji yale yalikuwa na mkondo, tusingengoja hata kiasi hicho, maana gari likipungua uzito magurudumuni husukumwa ubavuni kabla halijaelea.

"Mashua isiyo na usukani," alisema ami, "wala nanga, wala tanga. Turudi."

Tulirudi Minjila tukalala hapo. Kwa bahati maji hayo yalikuwa ya mvua ya mahali, si ya Tana yenyewe, la sivyo tungalingoja majuma. Asubuhi yalikuwa yameshuka hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nilivuka kwa gia ya chini kabisa, mwendo wa mtu atembeaye, bila kuondoa mguu kwenye mafuta, ili wimbi dogo litangulie mbele ya bampa na kuacha kishimo nyuma yake. Na tulipotoka nikawa nakanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikakauka. Kizuizini Gamba askari walitazama vitambulisho vyetu, wakatazama na magoti ya ami juu ya gunia, wakacheka.

Witu tuliipita mvuani. Mji ule ulipata kuwa makao ya sultani, na Wajerumani wakaufanya himaya yao mwaka 1885 kabla ya kuukabidhi kwa Waingereza mwaka 1890. Siku hiyo ulikuwa mabati, migomba na mbuzi waliojibanza barazani.

Ami alitaka kumpa pole jamaa yake wa Mkunumbi, nasi tukaiacha lami na kuingia njia ya udongo, na hapo ndipo nilipoiona neema ya wepesi. Udongo ulikuwa mweusi, wa kunata, wenye kujaza michirizi ya tairi hadi likawa kama andazi. Na kando ya njia palikuwa na lori la mawe lililozama hadi ekseli tangu juzi, utingo wake amelala chini yake. Sisi nasi tulikwama. Magurudumu ya mbele yalizunguka yakatuchimbia kaburi, gari likakalia tumbo. Lakini walitokea vijana wanne, wakaikamata pua kwa mikono mitupu, wakahesabu, wakainyanyua na kuihamishia kwenye majani kama watu wanaohamisha kitanda. Mmoja wao aliinama, akauliza kwa adabu kabisa kama ndani mna injini.

Lori tuliliacha pale pale, na tuliporejea baada ya saa moja lilikuwa limezidi kuinama.

Mokowe tulifika jioni. Nilililaza gari chini ya mkwaju wake, nikazitazama tairi za mbele kwa aibu, tukateremka gatini. Hamali aliyatia magunia yote mawili nyuma ya boti, karibu na mashine. Nami, nisingoje ami aseme, nikalishika moja nikalivuta hadi omoni.

"Lirudishe hilo, mwalimu," alisema kijana mwenye boti, akivuta kamba ya mashine. "Boti hili lapenda kuinua pua."

Ami aliifunika midomo kwa leso yake iliyolowa, mabega yakawa yanamtikisika.