Chumba cha Nyimbo

Wapo wasemao kwamba muziki ni starehe tu, kelele yenye adabu. Katika utumishi wangu wa ualimu niliwasikia mara nyingi, hasa ratiba ya masomo ilipobana. Ubongo wenyewe hauafikiani nao.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, wakiongozwa na Sam Norman-Haignere, walieleza jinsi walivyowalaza watu 10 ndani ya mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Wakawasikilizisha sauti 165: maji yakitiririka, mbwa akibweka, mtu akizungumza, muziki wa namna mbalimbali. Kumbe sehemu moja ya ubongo iliamka hasa kwa muziki, na nyingine kwa maneno. Wala watu wale hawakuwa wanamuziki. Mwaka 2022 wakaongeza jambo la ajabu zaidi: zipo chembe zinazoitikia uimbaji, lakini si ala peke yake wala mazungumzo peke yake.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka kaka yangu wa Kisesa. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, maneno yakamtoka. Akitaka maji, alinyoosha mkono. Mwezi mmoja wa Juni vijana wakapita na ngoma wakielekea Bujora kwenye Bulabo. Kaka akainua kichwa, akaimba wimbo wa kulimia wa ujana wetu, ubeti mzima, kila neno mahali pake. Shemeji aliacha ungo, akakaa chini. Wimbo ulipokwisha nikamwambia, "Kaka, sema tena." Midomo ikatetemeka, sauti haikutoka.

Huo si muujiza. Tangu mwaka 1861 Paul Broca wa Ufaransa alionyesha kwamba jeraha la mbele kushoto huharibu usemaji. Wimbo hutegemea pia upande wa kulia. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston walieleza njia ya kumrudisha mgonjwa kwenye maneno kwa kuyaimba. Haimfai kila mtu. Shemeji, ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa habari hizi, alianza kumwimbia "maji" na "uji" huku akimpigapiga kiganjani, na baada ya miezi kadhaa kaka aliyapata yote mawili, na jina lake shemeji.

Nina neno moja na watafiti wale. Sauti zao 165 zilichaguliwa kwa masikio ya Marekani. Hapa Mirongo ningeongeza kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, na zaidi ya yote jembe la bugobogobo. Wasukuma walilima kwa kuimba, majembe yakishuka pamoja kwa mpigo wa ngoma, hata chuma kikawa sehemu ya wimbo. Mlio huo ungeangukia wapi katika picha zao: kwenye muziki, au pamoja na funguo na vyombo vya jikoni? Na je, mtoto wa mjini ambaye hajashika jembe angeusikia kama kaka?