Kengele ya Septemba 2003

Wazazi vijana wa Bunia, mji wetu wa Ituri mashariki mwa Kongo, huniuliza watoto wa vita vya 2003 waliwezaje kukaa darasani tena. Wengi wao walikuwa watoto hao hao, ila hawakumbuki. Mimi nakumbuka. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi karibu na mto Nyamukau.

Mwanzoni mwa Mei mwaka ule, jeshi la Uganda lilimaliza kuondoka mjini. Askari wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliotoka Uruguay walikuwa mia kadhaa tu, hawakuweza kuulinda mji mzima, na makundi yenye silaha yakaugombea mtaa kwa mtaa. Hata parokia ya Nyakasanza, walikokimbilia watu, ilivamiwa, damu ikamwagika. Maelfu walijibanza chini ya maturubai kuzunguka kambi ya MONUC na uwanja wa ndege; wengine walishika njia ya Beni kwa miguu. Mwezi wa Juni vikaja vikosi vya Artemis vya Umoja wa Ulaya, vikiongozwa na Ufaransa, vikapiga marufuku silaha kuonekana mjini. Septemba vikawaachia kazi MONUC walioongezewa nguvu. Kwetu Septemba ndio mwezi wa kuanza masomo. Tukafungua shule.

Watoto walikuja, na nguo za bluu na nyeupe kwa waliobaki nazo. Lakini saa mbili asubuhi wengine walikuwa wamelala fofofo juu ya daftari. Mlango ukijigonga kwa upepo, nusu ya darasa ilikuwa chini ya madawati. Msichana mmoja hakukubali kamwe kuachia mfuko wake wa nguo, kwa kuwa kwao bado walilala na viatu miguuni, mizigo ikiwa mlangoni.

Mkurugenzi akaita komite ya wazazi. Tulitarajia maneno ya prime, yaani mchango wa wazazi kwa walimu, maana serikali haikuwa ikitulipa, na prime hiyo ndiyo iliyotulisha. Akasimama mama mmoja aliyekuwa akiishi kambini karibu na uwanja wa ndege. "Mwalimu," akasema, "mutoto wangu hajue tena saa. Tunakula kama tumepata, tunalala kama tumechoka. Munisaidie asubui, mie nitajikaza mangaribi."

Mkutano ulishika maneno hayo. Sisi walimu tulijifunga kupiga kengele, ambayo ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, kwa saa ileile hata wakija watoto wachache. Kufagia uwanja, mstari, wimbo, kuita majina: mambo hayo yangefuatana hivyo hivyo kila asubuhi, na kila mtoto angekuwa na nafasi yake kwenye dawati. Wakati wa kuita majina kila mmoja angesema amelala wapi usiku. Kwa njia hiyo tulijua mapema nani amehama na nani amelala nje. Nusu saa ya mwisho ilikuwa ya mpira na nyimbo, kisha waliondoka kwa makundi ya mtaa, wakubwa wakiwashika wadogo mkono.

Wazazi nao wakajifunga. Bugali iliwe kabla ya giza, hata kama mboga ya sombe ni kidogo. Mtoto awe na kazi moja anayoijua, kuteka maji au kumbeba mdogo wake, na alale mahali pamoja kila usiku. Jioni asimulie alichosoma, hata kwa mzazi asiyejua kusoma. Kule kambini akina mama walipatana kuwaamsha na kuwaogesha watoto kwa pamoja, ili asiwepo anayeachwa nyuma.

Kisha likaja neno la prime. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya deni kungevunja kila tulichokuwa tumejenga. Komite iliamua mtoto asifukuzwe. Aliyekosa franki alileta unga, maharagi au kuni. Tulikula kwa shida mwaka ule, lakini hakuna mwalimu aliyeacha kazi.

Jambo gumu zaidi lilikuwa la kijana mmoja aliyekuwa kadogo, yaani askari mtoto. Umri wake ulikuwa umepita darasa langu, na baba mmoja aliyezika ndugu zake alisema mtoto wake hatakaa naye chumba kimoja. Hatukumlaumu. Tate wa kijana, yaani babu yake, alikuja kuketi na baba yule, siku moja na nyingine, hadi wakapatana: kijana asome asubuhi akiwa mstari wa mbele, mchana aende kufyatua tofali na mjomba wake, na tate ndiye atamleta na kumchukua. Miaka baadaye, Machi 2012, niliposikia redioni kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Jinai imemtia Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi moja lenye silaha la Ituri, hatiani kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani, nilimkumbuka tate yule. Mahakama ilifanya kazi yake. Yeye alikuwa ameifanya ya kwake, kila asubuhi, kwa miguu.

Hakuna kilichotengemaa kwa wiki moja. Risasi zikisikika usiku, kesho yake tulianza upya. Lakini kufikia Noeli waliolala darasani walikuwa wamepungua, na baada ya Pasaka msichana wa mfuko aliuacha nyumbani.

Leo watoto wanaokimbia mapigano ya Djugu tangu mwisho wa 2017 wanakaa kwenye madawati ya mji wetu. Masomo ya msingi ni bure tangu Septemba 2019 na vyumba vimefurika, na tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi. Mwalimu mwenye darasa kama hilo hawezi kumsikiliza kila mtoto. Anaweza kufika saa ileile, kuita kila jina, na kumwuliza mama habari za jioni kabla ya kumwuliza habari za alama. Lakini mwalimu asiyelipwa hushindwa kufika kila siku, na siku asipofika, watoto wake wote hupoteza saa yao. Anayetaka watoto wa Ituri wapone aanze hapo: mwalimu apate mshahara wake, nyumbani wale kabla ya giza, na darasa lifunguliwe kwa wakati.