Barua kwa mpwa wangu Baraka

Kidatu

Mpwa wangu Baraka,

Sisi huku ni wazima, na goti la bibi yako limepoa. Miwa imeanza kuchomwa na kuvunwa, kwa hiyo majivu ya mashambani yanatua mpaka kwenye nguo za kamba. Mama yako amenipigia simu kutoka Ifakara. Anasema chumba cha uani kimejaa kompyuta kuukuu, monita za chogo zimefika dirishani, na ananitaka nikukataze.

Sikukatazi, mwanangu. Najua thamani ya unachokusanya. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, hivyo wengi wa rika langu tulizigusa ukubwani. Kazini kwetu ya kwanza ilipewa chumba chenye zulia, na tulivua viatu mlangoni. Mashine kama ile ikitunzwa, wajukuu wataona tulikotoka.

Ila nimeona pia mwisho wake. Shule moja ililetewa kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Nyingi hazikuwaka. Kwa kuwa zilikwisha kuandikwa kwenye orodha ya mali, hakuna aliyethubutu kuzitoa, na darasa zima likageuka stoo. Baadaye zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nyaya zikachomwa ili kupata shaba, na moshi wake wenye sumu wakauvuta watoto. Wafadhili walijua kutoa. Hakuna aliyeuliza mashine zitaishia wapi.

Kwa hiyo shika haya. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika kila mashine imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Ya ofisi ya Serikali usiichukue kwa maneno ya mdomo. Ngoja kibali na hati ya makabidhiano. Diski zenye kumbukumbu za wagonjwa au wateja zifute kwa programu inayoandika upya juu yake, maana kufomati tu hakutoshi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Za kuhifadhi, chagua moja ya kila aina, pamoja na kibodi, disketi na vitabu vyake. Toa ile betri ndogo ya ndani kabla haijavuja, na uziweke juu ya meza, kwa sababu unaujua mto Lumemo ukifurika. Zinazofanya kazi wape wenye umeme, fundi na mtu wa kuzitumia. Uwashe mbele yao ndipo ukabidhi.

Monita za chogo usizivunje wala usizifungue. Kioo chake kina madini ya risasi, na hata zikichomolewa zinaweza kubaki na umeme wa hatari. Zilizokufa kabisa zina kanuni zake za mwaka 2021. Waulize NEMC, wasimamizi wa mazingira, ni nani mwenye kibali cha kuzipokea.

Mpaka umalize kugawa ulizo nazo, usipokee nyingine hata kama unabembelezwa. Nikija Ifakara nitataka kwanza kusoma daftari, ndipo unionyeshe mashine.

Mungu akulinde. Msalimie mama yako.

Mjomba wako