Taa ya tela inayozima ukikanyaga breki

Mhariri aliniomba niandike habari za wanafunzi wetu wa sayansi. Nitaandika, ila nitapitia kwenye tela.

Wengi wenu hapa Nakivale mnalijua lile tela dogo la kikundi cha mahindi, linalovutwa na pikapu. Msimu uliopita, jioni moja yapata saa mbili usiku, dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi barabarani. Nyuma yake alikuja kijana wa boda boda, akaona taa moja nyekundu upande wa kushoto. Taa moja maana yake ni pikipiki, basi akajitoa kidogo kulia ili apite. Pale alipodhani ni wazi palikuwa na kona ya tela, mbao na chuma, gizani. Sisi tuliotoka Kongo tumezoea magari kwenda kulia. Hapa Uganda yanakwenda kushoto, kwa hiyo taa ya kulia ndiyo inayoonyesha mwisho wa tela kwa anayetaka kupita. Ikikosekana hiyo, hatari ni kubwa kuliko ikikosekana ile nyingine.

Kijana alichubuka magoti. Abiria wake alikuwa mwanafunzi wangu, binti, akavunjika mkono ule anaoandikia. Mitihani ilikuwa imebaki wiki tatu.

Sasa maneno yakaanza. Dereva aliapa kwamba taa zote mbili zilikuwa zinawaka alipoondoka. Watu wakaenda kuangalia uani, wakawasha, kweli zikawaka zote mbili. Kijana wa boda akaitwa mwongo, wengine wakasema alikuwa amelewa. Jambo hili liliniumiza, kwa sababu binti naye aliniambia aliona taa moja, na yeye hanywi kitu zaidi ya chai. Hata hivyo kikundi kikanunua balbu mpya ya kulia, baadaye nyingine tena, kwa pesa ya mahindi ya akina mama.

Mimi si fundi. Nafundisha kwa kujitolea, na somo la umeme tunalifundisha kwa chaki tu. Ila kuna mzee mmoja jirani aliyekuwa fundi wa malori kule Bukavu. Nikamwomba alipime tela Jumamosi mbele ya wanafunzi. Alikubali kwa sharti moja: hakuna kugusa waya kabla hujasema umeme unatoka wapi na unarudi wapi. Hilo la kurudi ndilo watu wanalisahau. Kwetu tunaita masi, hapa wanasema ethi.

Kitu cha kwanza alimwambia dereva awashe taa, halafu akanyage breki. Kumbe! Taa ya kushoto iliongezeka mwanga, ya kulia ikazima kabisa. Alipoachia breki, ya kulia ikarudi kuwaka. Kule uani hakuna aliyewahi kukanyaga breki wakati wa kuangalia. Dereva alikuwa anasema kweli, na kijana wa boda pia.

Mzee akatuonyesha balbu yenyewe. Ndani ya kioo kimoja kuna nyuzi mbili: ndogo ya wati 5 ni ya taa ya usiku, kubwa ya wati 21 ni ya breki. Wanafunzi wakapiga hesabu kwa betri ya volti 12: ndogo inakula kama ampea 0.4, kubwa 1.75. Nyuzi zote mbili zinarudishia umeme wake kwenye mwili wa balbu, kutoka hapo kwenye boliti ya taa, kisha chesisi, hadi betri.

Akaitoa balbu ya kulia. Akachukua balbu yake ya kupimia yenye nyaya mbili, waya mmoja akaugusisha mahali umeme unapofikia, mwingine kwenye chuma cha taa. Haikuwaka. Ule wa pili akauhamishia kwenye chuma cha taa ya kushoto, ikawaka vizuri. Yaani umeme ulikuwa unafika, njia ya kurudi ndiyo haikuwepo. Tulipofungua boliti tuliona sababu: tela lilipakwa rangi kabla ya msimu, taa ikafungwa juu ya rangi, na kutu ikamalizia. Indiketa ina boliti yake peke yake, ndiyo maana ilikuwa nzima.

Binti, mkono ukiwa bado kwenye plasta, akauliza: kama njia haipo, mbona ilikuwa inawaka? Hilo swali lilitushinda wengi. Mzee akaeleza kwamba umeme ulipokosa boliti ulipita kwenye uzi wa breki wa balbu hiyohiyo, ukarudi kinyume kwenye waya wa breki, ukapitia balbu ya breki ya kushoto hadi kwenye chesisi. Ukikanyaga breki, waya huo nao unaleta volti 12. Sasa umeme unasukuma kutoka pande zote mbili, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani, huyu nje. Hakuna kinachosogea, taa inazima.

Kurekebisha kulichukua nusu saa. Tulikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza boliti, tukapaka grisi juu kuzuia maji. Mzee akaongeza waya kutoka kwenye taa moja kwa moja hadi pini namba 3 ya plagi, ambayo ndiyo ya ethi kwenye plagi ya duara yenye pini saba. Hapendi kutegemea pale tela linaposhikana na gari, kwa sababu panarukaruka na pamejaa grisi. Akatuonya pia tufuate namba za pini, tusiamini rangi za nyaya: kawaida ethi ni nyeupe, lakini tela lililotengenezwa mara nyingi lina waya wowote aliokuwa nao fundi siku hiyo. Na balbu ya volti 12 msiipeleke kwenye lori la volti 24, itaungua hapohapo.

Zile balbu za zamani tulizipima zote. Ni nzima, mwenyekiti wa kikundi amezitunza. Kijana wa boda ameombwa radhi mbele ya kikundi. Binti alifanya mitihani kwa mkono wa kushoto, polepole, na msimamizi alimwongezea muda.

Mzee amekubali kupima matela mengine Jumamosi asubuhi nyuma ya darasa letu. Mje na msasa wenu, wetu umekwisha.