Mashua Inayovuja Kalokol

Kutoka Lodwar, kilomita 60 hivi za mchanga na miiba hukufikisha Kalokol, ufuoni mwa Ziwa Turkana, ambako kinamama hukausha samaki wakiwangojea wavuvi. Upepo wa ziwa hilo huamka ghafla. Mashua inayovuja haitoi nafasi ya kufua maji.

Fundi wa Lamu angeitambua kazi hii. Maji ya ngama hayaonyeshi yalipoingilia, kwani hukusanyika palipo chini. Mashua huvutwa nchi kavu, ikapanguswa, kisha maji yakamiminwa ndani: panapotona kwa nje ndipo penye ufa. Ila katika joto la Turkana, mbao zilizokaa juani husinyaa, viungo vikaachana. Hizo huloweshwa kwanza. Mwenye haraka hukalafati zikiwa kavu, nazo zikivimba huitema pamba yake.