Sinia Moja Mjini Lamu

Anayekwenda Lamu kwa barabara hulazimika kuliacha gari Mokowe. Hapo hushuka gatini akaingia mashuani, na baada ya mwendo mfupi wa majini mji wa kale humtokea mbele yake: nyumba za mawe zimesogeana kama watu walio katika safu ya swala, na punda wakipita na mizigo pale ambapo miji mingine hupita malori. Ni mji uliotiwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001, na wageni wameandika mengi juu ya milango yake ya nakshi. Mimi niliyekwenda kwa darsa za siku nne nawaomba radhi mafundi wa milango. Kilichonishughulisha ni majiko.

Soko liko ubavuni mwa ngome. Asubuhi, jua likiwa bado halijakaza, wauzaji hupanga ukwaju, ndimu, embe mbichi, mihogo, kunde, mbaazi, mchicha na nazi zilizofuliwa. Samaki huja kutoka mashuani, macho yao yakiwa bado yanang'aa. Ukigeuka tu, madukani mwa vichochoro hivyo hivyo, utakuta vibati vya mafuta ya kuganda, vipande vya kuungia mchuzi, pakiti za unga wa viungo, maziwa ya kopo na chupa za soda zilizopangwa hadi darini. Siku hizi tukihimizwa kupika vyakula vya asili, huambiwa kwamba huu au ule ni "mbadala" wa kile tulichokizoea. Nikisimama baina ya soko na duka, niliona neno hilo limekaa kinyume. Ukwaju haukuja kushika nafasi ya kipande cha mchuzi. Kipande ndicho kilichokuja kuushikia ukwaju nafasi yake, na wako wazee Lamu wanaokumbuka jiko lisilokuwa nacho.

Mwenyeji wangu ni mzee aliyepita miaka sabini, na maradhi ya sukari anayo kwa muda mrefu. Nduguye mkubwa alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo, kisha akafariki. Hivyo daktari alipomwonya, hapana aliyefanya mzaha nyumbani. Wakamtengea sahani yake. Wengine wakikaa kwenye sinia la wali na samaki, yeye huwekewa pembeni ugali mkavu na mchicha uliochemshwa, bila ndimu wala kitunguu. Alivumilia mwezi mmoja. Kisha akaanza kusema ameshiba kabla chakula hakijaletwa, na baadaye ikajulikana kuwa anakula sokoni, viazi karai na mahamri, amejificha kama mtoto aliyetoroka chuoni.

Jambo hili ndugu zetu wa afya hawalizingatii vya kutosha. Kwetu pwani mtu hali sahani, hula sinia. Kumtoa mtu kwenye sinia ni kumwambia kwamba si miongoni mwetu tena, hata kama nia ni kumponya. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza watu wakusanyike katika chakula chao na wamtaje Mwenyezi Mungu ili wabarikiwe humo. Mgonjwa wa sukari naye ana haki katika baraka hiyo.

Mama wa nyumba ndiye aliyeukata ushauri. Nilimsikia akizungumza nyuma ya pazia, mumewe akiitikia: "Shehe, mzee hana chakula chake. Sote tuna chakula chetu." Maana yake ni kwamba alikibadilisha chungu cha nyumba nzima. Na hila aliyoitumia imetoka katika adabu ile tunayowafundisha watoto chuoni, kwamba kila mtu ale kilicho mbele yake. Sinia lake hulipanga kwa makusudi. Upande anapokaa mzee wali huwa mchache, mchicha na kachumbari vikawa vingi, na kipande kizuri cha samaki hulazwa hapo. Vijana walio upande wa pili wana wali wao wa kutosha. Mikono yote imo katika sinia moja, na hapana anayejiona anahesabiwa matonge.

Wali wenyewe si mweupe mtupu. Hupikwa na kunde, na kunde hukaribia nusu ya chungu. Nafaka iliyochanganywa na jamii ya kunde, mbaazi au pojo haiinui sukari ya damu kwa kasi kama wali peke yake, na tumbo hukaa na shibe kwa muda mrefu zaidi. Bibi zetu hawakuwa na mizani ya kupimia sukari. Walipika hivyo kwa sababu mchele ulikuwa ghali na kunde zilikuwa shambani, nasi tulipopata fedha tukaona kunde ni chakula cha shida.

Samaki alikuwa changu wa kupaka. Alichanjwa mbavuni, akapakwa thomu, tangawizi, pilipili na maji mazito ya ukwaju, akaachwa kwa saa nzima kabla ya kupelekwa kwenye makaa. Tui lilichemshwa mbali na bizari na ukwaju mwingine mpaka likakaza, kisha akapakwa nalo akiwa juu ya moto. Niliuliza chumvi ni kiasi gani. Jibu lilikuwa kwamba hutiwa mwisho, baada ya kuonja. Ukali wa ukwaju, ndimu au embe mbichi huuamsha ulimi hata chumvi ikiwa nusu ya ile tuliyoizoea. Anayetia kipande cha kuungia mchuzi huwa ametia chumvi kabla hajashika kikopo cha chumvi. Asome tu pakiti, kwani viambato huandikwa kwa kutanguliza kilicho kingi, na katika vipande vingi kinachotangulia ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, kuanzia uji wa asubuhi hadi mchuzi wa usiku. Katika mji ambamo kila nyumba ina mtu mwenye shinikizo la damu, kijiko hicho si cha kukipuuza.

Juu ya nazi lazima niseme ukweli hata kama mpwani mwenzangu atanuna. Nazi ni ya asili, lakini asili si hati ya kuruhusu kila kitu. Zaidi ya sehemu nane kati ya kumi za mafuta ya nazi ni yale mafuta mazito ambayo yakizidi humdhuru mtu mwenye matatizo ya moyo. Mama yule anayajua hayo kwa mkono wake. Mboga na kunde hupikiwa tui la pili na la tatu, lile jepesi. Kasimile huwekwa kando, ikatiwa miiko miwili mitatu wakati chungu kinaipuliwa, ili harufu na ladha vibaki juu. Nazi moja hutosha pale ambapo wengine hukuna tatu. Kwa kukaangia hutumia uto wa simsim, mafuta ambayo Lamu iliyajua tangu zama za vinu vilivyozungushwa na ngamia, na ambayo kwa sehemu kubwa si ya aina ile nzito. Ni ghali kuliko mafuta ya kibati. Anayekaanga kila siku hatayamudu, na huenda hiyo ikawa ndiyo faida yake: nyumba ile hukaanga Ijumaa tu.

Kinywaji kilikuwa maji yaliyokamuliwa ndimu, na baadaye kahawa chungu. Mmoja wa wajukuu aliniletea soda kwa heshima ya ugeni, nami nilimshukuru nikamwomba airudishe. Soda ya kola ya nusu lita, ile isiyopunguzwa sukari, huwa na zaidi ya gramu 50 za sukari. Hiyo ni zaidi ya vijiko kumi na viwili vya chai katika chupa moja. Kiasi hicho peke yake humaliza mpaka wa siku nzima uliowekwa na shirika lile lile kwa mtu mzima wa kawaida, na mpaka ulio bora zaidi ni nusu yake. Tunawakirimu wageni kwa kitu ambacho hatungemnywesha mtoto kama tungekipima kwa kijiko mbele yake.

Katika futari watu hukimbilia tende na asali wakidhani kwamba, kwa kuwa ni vyakula vilivyosifiwa, havina hesabu. Tende kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Asali ni takriban sehemu nne kati ya tano. Kufuturu kwa tende ni sunna tunayoipenda, na moja au tatu zinatosha kwa sunna. Kuzisaga ishirini katika maziwa na kuita kinywaji cha afya ni jambo jingine. Mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu amebadilisha jiko, wala asianze Ramadhani kabla ya kumwona daktari wake. Mwenyeji wangu hupimwa kabla ya mwezi kuandama, na dawa zake hupangwa upya.

Asubuhi ya mwisho nililetewa mkate wa mofa pamoja na mbaazi. Mofa ni mkate mdogo wa mviringo wa unga wa mtama, huumuliwa kwa hamira na kubandikwa kwenye kuta za ndani za tanuri la udongo lililokwisha kuwaka. Mtama husagwa na ganda lake, kwa hiyo mkate una uzito mkononi na hautafuniki kwa haraka. Mahamri hayakufukuzwa nyumbani mule. Yamewekewa siku yake, na unga wake nusu ni wa ngano isiyokobolewa.

Mombasa si kila mtaa una tanuri la mofa. Nilimpelekea salamu mama wa nyumba kuuliza itakuwaje, naye akanitumia maelezo haya: unga wa mtama ukandwe usiku kwa maji ya uvuguvugu, hamira kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, uwe mzito kuliko wa kumimina na mwepesi kuliko wa chapati. Asubuhi, chuma cha chapati kipate moto vizuri, unga uteuliwe kwa mwiko katika viduara vidogo, ufunikwe kwa mfuniko mzito, na moto upunguzwe. Ugeuzwe mara moja tu. Hautakuwa mofa wa tanuri, alisema, lakini uliwe ungali na moto, kwani ukipoa hukakamaa.